Taa za Krismasi: LED au balbu za filamenti?

Kama unanunua taa mpya za mti, chukua LED, si balbu za zamani za filamenti, yaani zenye uzi unaowaka kwa joto. Hapo hapana mjadala mrefu. Mjadala uko kwenye LED ya namna gani, maana zipo zinazodumu misimu mingi na zipo zinazozima nusu kabla mwaka mpya haujaingia, na kwa macho ya kawaida zinafanana. Swali la pili ni lile boksi la taa za zamani lililo juu ya kabati: zitupwe, zitengenezwe, au zitafutiwe kazi yake.

| | Filamenti | LED |
|---|---|---|
| Mnyororo wa balbu ndogo 100 | takriban wati 40 | wati 5 hadi 7 |
| Balbu moja kubwa ya C9 | wati 7 | chini ya wati 1 |
| Umri unaotajwa wa balbu | saa 1,000 hadi 3,000 | saa 25,000 na zaidi |
| Joto la balbu | C9 inachoma vidole | vuguvugu tu |
| Kufifisha mwanga | rahisi, unashuka taratibu | ikiwa tu imetengenezwa kwa ajili hiyo |
| Rangi | rangi imepakwa kwenye kioo | rangi inatoka kwenye LED yenyewe, kwa zile nzuri |

Usiusome mstari wa umri bila kufikiri. Saa 25,000 ni umri wa LED yenyewe, si wa mnyororo mzima. Kwa saa 6 kila usiku, siku 30 kwa mwaka, saa hizo zingekupeleka zaidi ya miaka 130, na hakuna mnyororo utakaofika huko. Kinachokufa ni miguu ya LED iliyoshika kutu, rezista (kipunguza umeme) iliyoungua kwenye waya, kiungio kilicholegea kwenye holda, au adapta. Ndiyo maana kuchagua LED ni kuchagua namna waya na viungio vilivyotengenezwa, wala si idadi ya saa iliyoandikwa kwenye boksi.

Umeme

Mti mmoja wenye minyororo mitano ya balbu ndogo 100 unakula wati 200 kwa filamenti, na wati 25 hadi 35 kwa LED. Ukiwasha saa 6 kwa siku 30, filamenti inamaliza uniti 36, LED uniti 4.5 hadi 6.3. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa, utaona kwamba kwa mti mmoja wa sebuleni tofauti ipo lakini haifilisi mtu.

Hesabu inabadilika ukitoka nje. Balbu 200 za C9 kuzunguka paa ni wati 1,400, sawa na kuacha pasi ikiwaka kila usiku. Kwa siku hizo 30 ni uniti 252. LED za umbo lilelile hazifiki uniti 36. Tena wati 1,400 ni karibu ampea 12 kwenye umeme wa volti 120, au ampea 6 kwenye volti 230, kwa hiyo pengine utalazimika kuzigawa kwenye saketi mbili. LED zote zinaingia kwenye soketi moja bila soketi hiyo kupata joto.

Kwa nini balbu moja inazima nusu ya mti

Balbu ndogo haziwezi kubeba volti za ukutani. Zinaunganishwa kwa mfululizo ili volti zigawanyike: kwenye umeme wa volti 120, balbu 50 za volti 2.5 au balbu 35 za volti 3.5, kwenye volti 230 au 240, balbu 20 za volti 12, 40 za volti 6, au 80 za volti 3. Mnyororo wa balbu 100 wa volti 120 ni saketi mbili za balbu 50 zilizosokotwa pamoja. Ndiyo sababu nusu inazima na nusu nyingine inaendelea kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Balbu ya filamenti ina ujanja wake. Chini ya filamenti kuna waya mwembamba uliozungushwa kwenye miguu miwili ya balbu, wenye utando usiopitisha umeme. Filamenti ikikatika, volti zote za ukutani zinajikuta kwenye balbu hiyo moja, utando unatoboka, waya unaunganisha miguu, na balbu nyingine zinaendelea kuwaka. Ujanja huu una masharti mawili. Kwanza, balbu lazima iwe ndani ya holda. Ikichomoka, hakuna cha kuunganisha. Pili, kila balbu iliyokufa inaziachia zilizobaki volti zaidi. Kwenye saketi ya 50 iliyobakiwa na balbu 45, kila moja inapata karibu asilimia 11 zaidi ya kawaida. Zinang'aa vizuri kweli, na watu hufurahi, lakini kwa ongezeko hilo umri wa filamenti unashuka chini ya theluthi moja. Zikianza kufa, zinafuatana. Badilisha balbu iliyokufa siku hiyohiyo, si msimu ujao.

LED nazo zimepangwa kwa mfululizo, ila hesabu yake ni tofauti: nyekundu na njano hutumia karibu volti 2 kila moja, kijani, bluu na nyeupe karibu volti 3 au zaidi kidogo. Rezista humeza volti zinazobaki, na ndiyo ile sehemu iliyovimba kwenye waya, yenye ngozi ya plastiki nene kuliko mahali pengine. Usiibane chini ya zulia wala kuifunga kwa nguo, kwa sababu hapo ndipo pana joto. LED nyingi za bei nafuu hazina ule waya wa dharura, hivyo mguu mmoja ukiliwa na kutu, sehemu yote inazima.

Kupepesa

Baadhi ya watu wakikaa na taa za LED jioni nzima kichwa kinawauma, na si uzushi. Umeme wa ukutani unakwenda na kurudi mara 50 au 60 kwa sekunde, na LED inapitisha upande mmoja tu. Mnyororo wa bei rahisi unaiacha LED ifanye kazi hiyo peke yake: inawaka nusu ya mzunguko na kuzima nusu nyingine, mara 50 au 60 kwa sekunde. Ukigeuza macho haraka, utaona nukta nukta badala ya mstari wa mwanga. Mnyororo ulio bora una diodi nne, vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zinazogeuza pande zote mbili ziwe mmoja, na LED inawaka mara 100 au 120 kwa sekunde. Wengi hawaoni chochote. Ulio laini kuliko yote ni wa adapta inayotoa umeme wa moja kwa moja wa volti ndogo, kama 24 au 31, usiobadilika.

Kupima ni kazi ya sekunde kumi. Shika mnyororo unaowaka, utikise haraka mbele ya ukuta wenye giza. Ukiona mstari usiokatika, chukua. Ukiona nukta zenye nafasi kubwa, rudisha. Kama duka haliruhusu kutikisa, rekodi kwa kamera ya simu kwenye mwendo wa taratibu. Hakikisha tu hali ya taa ni ya kuwaka muda wote, kwa kuwa zile hali za kufifia za rimoti zinapepesa kwa makusudi.

Filamenti pia inapanda na kushuka na umeme, ila uzi wa moto haupoi haraka kiasi cha macho kugundua.

Rangi na mwanga

LED nyeupe si nyeupe. Ndani mna LED ya bluu iliyofunikwa na unga wa njano unaogeuza sehemu ya bluu, na macho yanachanganya hizo mbili. Ndiyo maana LED nyeupe zilichelewa: LED nyekundu ilikuwepo tangu 1962, lakini bluu yenye mwanga wa kutosha ilipatikana miaka ya 1990, kazi iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Mti wa Rockefeller Center jijini New York ulihamia LED mwaka 2007. Taa za mwanzoni zilikuwa na weupe wa barafu, na wengi waliozinunua wakati huo bado wanadhani LED zote ziko hivyo.

Tazama namba ya kelvini kwenye boksi. 2,700 hadi 3,000 ni nyeupe ya joto, karibu na filamenti. 5,000 hadi 6,500 ni nyeupe ya baridi, inayofaa kwenye theluji ya bandia au mapambo ya fedha, lakini kwenye mti wa kijani chumbani inafanya sindano zionekane kijivu. Boksi likiandika tu nyeupe, bila namba, chukulia ni ya baridi. Na nyeupe ya joto ya kampuni moja hailingani na ya nyingine: moja ina wekundu, nyingine ukijani. Ukiweka mbili tofauti kwenye mti mmoja, tofauti inaonekana kutoka mlangoni. Nunua zote kwa pamoja, za kundi moja.

Kwa taa za rangi, LED zinashinda kwa urahisi, ikiwa rangi inatoka kwenye LED yenyewe. Nyekundu inakuwa nyekundu kweli. Kwenye filamenti kioo kimepakwa rangi inayozuia mwanga mwingine wote, na kwa kuwa filamenti inatoa bluu kidogo sana, balbu ya bluu hubaki hafifu; nje rangi hubanduka kwa mvua na jua. Zipo LED za ovyo zinazofanya hivyohivyo: LED nyeupe chini ya kofia ya plastiki yenye rangi. Vua kofia moja dukani kama inawezekana. Bluu ya LED, kwa upande wake, ina nguvu kupita kiasi. Kwenye mchanganyiko wa rangi ndani ya nyumba inazimeza nyingine, na macho yanaifuata yakitaka yasitake.

Jambo jingine ni umbo la ncha. LED ya kawaida yenye kichwa cha duara inarusha mwanga mbele kama tochi, hivyo ukisimama pembeni mti unakuwa na mashimo ya giza. Tafuta zenye ncha iliyobonyea ndani au kofia iliyochongwa pembe nyingi, zinatawanya mwanga pande zote. Filamenti haina shida hiyo, inaangaza kila upande tangu mwanzo.

Moto na maji

Zaidi ya asilimia 90 ya umeme wa filamenti unaishia kuwa joto. Balbu ndogo moja haina madhara makubwa, ila balbu kubwa za C7 na C9 zikigusa sindano za mti wa asili uliokauka, pazia au mapambo ya karatasi kwa saa nyingi, ni hatari ya kweli. LED inaondoa hatari hiyo ya balbu. Haiondoi ile ya waya uliochubuka, ekstensheni iliyozidiwa au kiungio kilicholegea, ambavyo vinaunguza nyumba bila kujali aina ya taa. Kwa hiyo zima ukilala, zima ukitoka.

Nje ya nyumba, angalia alama ya IP, yaani kiwango cha kinga dhidi ya vumbi na maji. IP20 ni ya ndani tu. IP44 inavumilia matone na mvua ya kawaida. Chomeka kwenye saketi yenye swichi ya kinga inayokata umeme unapovuja kwenda ardhini. Elekeza vichwa vya balbu chini ili maji yasituame ndani ya holda, na inua viungio vya plagi kutoka kwenye udongo.

Maji ndiyo adui mkuu wa LED kuliko wa filamenti, na sababu ni mwelekeo wa umeme. Miguu ya LED nyingi ni chuma kilichopakwa bati. Umeme unaokwenda upande mmoja tu, pamoja na unyevu, unakula mguu wa chanya kidogo kidogo hadi unakatika ndani ya holda, mahali usipopaona. Umeme unaogeuka kwenye filamenti hauli upande mmoja hivyo. Kwa nje, basi, chagua LED zilizozibwa kabisa, ambazo balbu haitoki kwenye holda. Kwa ndani chagua zinazotoka, ili uweze kubadilisha.

Kuunganisha mnyororo kwa mnyororo

Kila mnyororo una lebo ndogo karibu na plagi inayosema ni mingapi inaweza kufuatana, au jumla ya wati. Kwa balbu ndogo za filamenti mara nyingi haizidi mitano au sita ya 100. Kwa LED inaweza kuwa ishirini au zaidi, kwa kuwa mzigo ni mdogo.

Usichanganye aina mbili kwenye mstari mmoja. Waya wa LED mara nyingi ni mwembamba. Ukichomeka minyororo ya filamenti nyuma yake, mzigo wote unapita kwenye waya huo na kwenye fyuzi yake. Kama ni lazima zote ziwepo kwenye mti mmoja, kila aina ianze kwenye soketi yake. Pia usichomeke LED ya kawaida kwenye swichi ya kufifishia mwanga: itapepesa, au itabaki na mng'ao hafifu hata ukizima.

Ikizima

Kwa filamenti, fuata mpangilio huu:

1. Chomoa kwanza. Fungua kimlango cha plagi, angalia fyuzi. Seti nyingi za volti 120 zina mbili ndogo za kioo, na nyingine za akiba hukaa kwenye kijimfuko. Seti nyingi za volti 230 zina balbu ya fyuzi yenye ncha nyeupe kwenye mnyororo wenyewe. Weka ampea zilezile. Fyuzi ikiungua tena, kuna shoti au umeunganisha minyororo mingi mno. Kuweka fyuzi kubwa zaidi ni kuhamisha moto kwenda kwenye waya.
2. Kama nusu imezima, shughulika na nusu hiyo tu. Tafuta holda tupu, balbu iliyopasuka, au kioo kilichopata moshi mweusi ndani.
3. Chomeka tena, pitisha testa isiyogusa waya kutoka holda hadi holda. Pale inapoacha kulia, tatizo ni balbu hiyo au iliyotangulia. Isipolia popote, geuza plagi ikiwa inageuzika, maana umeme unaweza kuwa unaingilia upande wa pili.
4. Chomoa mnyororo, vuta balbu wima bila kuipindisha. Angalia nyaya mbili zilizokunjwa kupanda pande za kitako: mara nyingi moja imejikunja chini na haigusi bati la holda. Inyooshe, ikunje upya, rudisha.
5. Balbu mpya iwe na volti zilezile. Kama hujui, hesabu balbu za saketi moja, gawanya volti za ukutani kwa idadi hiyo.

Usikate holda mbovu na kuunga nyaya. Umepunguza balbu moja kwenye mfululizo, zilizobaki zinapata volti zaidi, na umeacha kiungio chenye tepu ndani ya mti.

Kwa LED zenye adapta, anza na adapta kabla ya balbu: pima volti zinazotoka kwa mita. Bila volti, nunua adapta yenye volti na ampea zilezile zilizoandikwa, na mwelekeo uleule wa chanya na hasi. Kwa LED za plagi ya ukutani zenye balbu zinazotoka, testa inafanya kazi vilevile, lakini kumbuka LED ina upande: kitako kina pembe inayoingia kwenye mfereji mmoja tu wa holda. Ukilazimisha upande wa pili, sehemu nzima inabaki giza na utaendelea kutafuta kosa lisilokuwepo. Zilizozibwa hazitengenezeki kwa mkono wa kawaida, ziondoe.

Baada ya kushika minyororo muda mrefu, nawa mikono, hasa kabla ya kula na kwa watoto. Plastiki ya nyaya nyingi za aina hii imekuwa ikichanganywa na madini ya risasi, na hilo ni kwa LED na filamenti sawasawa.

Mahali pa filamenti

Taa za mapovu, zile zenye mrija wa kioo unaochemka, zinahitaji joto la balbu. Kimiminika chake, kwa kawaida dikloromethani, kinachemka karibu nyuzi 40 za selsiasi. LED haifiki hapo. Mrija ukipasuka, fungua madirisha na usiguse kimiminika kwa mkono mtupu, kina sumu. Mapambo yanayozungushwa na hewa ya moto ya balbu nayo yanabaki na filamenti. Na penye theluji, balbu za C9 huyeyusha ile inayoangukia juu yake, wakati LED inafunikwa ikabaki na mwanga wa ukungu tu.

Nje ya hayo, mnyororo wa filamenti unaofanya kazi na unaowashwa siku chache kwa mwaka hauna sababu ya kutupwa mapema. Utumie kwenye mti wa bandia au kwenye fremu ya mlango, mbali na pazia, na uchomoe balbu za akiba kutoka kwenye mnyororo uliokwisha kufa wa aina hiyohiyo. Kwa LED mpya fanya kinyume: nunua mnyororo mmoja zaidi ya unaouhitaji, wa kundi lilelile, uuweke kwenye boksi lake bila kuufungua, kwa sababu msimu ujao rangi ile hutaipata tena dukani.